Kwa Nini Ukuta Una Joto Usiku wa Manane?

Hebu fikiria: ni saa nne usiku, jua limezama zamani, lakini ukigusa ukuta wa chumba chako bado una vuguvugu. Unageukageuka kitandani, usingizi hauji. Je, joto hilo limetoka wapi? Wataalamu hulitafuta juu ya paa!

Twende London, Uingereza. Kuanzia mwaka 2008, watafiti walifunga vipimo kwenye mapaa ya chuo cha King's College, katikati ya jiji. Kwa nini paani? Kwa sababu ukipima barabarani utapata habari za barabara hiyo tu. Juu ya paa, upepo unakuletea habari za mtaa mzima.

Hesabu ni kama ya duka

Kila kinachoingia lazima kitoke au kiwekwe akiba.

Kinachoingia
1. Mionzi. Kipimo kina macho manne. Mawili yanatazama juu, kupima mwanga wa jua na joto la anga. Mawili yanatazama chini, kupima kile mji unachokirudisha. Toa cha chini kwenye cha juu, utapata kilichobaki mjini.
2. Joto letu wenyewe: magari, majiko, mashine, hata miili yetu.

Kinachotoka
3. Joto linalopasha hewa. Kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti husoma upepo na joto la hewa mara 10 au zaidi kila sekunde.
4. Joto linalogeuza maji kuwa mvuke. Gramu 1 tu ya maji huchukua jouli 2,400 hivi. Ndiyo maana jasho likikauka unasikia ubaridi.

Na akiba je? Ni joto lililojificha ndani ya kuta, mapaa na lami. Kulipima moja kwa moja ni kazi ngumu, kwa hiyo mara nyingi hupatikana kwa kutoa. Mji wenye miti na udongo wenye unyevu hutumia joto jingi kwenye mvuke. Mji wa zege mtupu huliweka akiba, halafu usiku unakulipa wewe kitandani!

Hili si jambo la mzaha

Mwili uliopigwa na joto mchana unahitaji kupoa usiku. Agosti 2003, wimbi la joto liliua watu zaidi ya 2,000 katika England na Wales, wengi wao wazee. London ndiyo iliyoumia zaidi.

Ukiona mtu ana joto kali mwilini, anachanganyikiwa au anaanguka, usingoje. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na awahishwe hospitali. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu.

Jaribu mwenyewe

Usipande paani, utavunjika bure! Chukua makopo mawili yanayofanana, uyajaze mchanga. Mmoja uwe mkavu, mwingine uumwagilie maji. Yaanike juani saa nne asubuhi. Saa saba mchana, pima joto la juu ya mchanga kwa kipimajoto cha maabara.

Maswali
(a) Kopo lipi lina joto zaidi? Kwa nini?
(b) Mti mmoja uliokatwa shuleni kwenu umebadilisha sehemu gani ya hesabu?
(c) Mtapanda wangapi, na lini?