Moshi mweusi mlimani

Swali: Pikapu yangu ya dizeli hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi nikipanda kutoka Gisenyi kwenda Musanze. Fundi anataka tubadilishe valvu ya EGR. Nikubali?

Jibu: Subiri kwanza, ndugu yangu. Valvu hiyo hurudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza joto la mwako. Ikikwama wazi, injini hukosa hewa safi, na Gisenyi, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa tayari ni nyepesi. Anza na filta ya hewa na mipira ya turbo. Kisha valvu yenyewe ifunguliwe: mara nyingi ni masizi tu, yanasafishika. Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha msimbo P0402, moshi unaorudi umezidi; ikionyesha P0401, umepungua.