GHALA LA KALE LAGEUKA NYUMBA: TUNAJIFUNZA NINI?



Katika sehemu nyingi za nchi yetu kuna stoo za zamani zilizobaki wazi hivi hivi tu: za mahindi, za pareto, na mabanda ya mashamba makubwa ya wakati wa ukoloni. Wengine wetu wamezigeuza makao. Huko Uingereza jambo hili limefanyika kwa wingi, na historia yake ina mafunzo. Tuifuate hatua kwa hatua.

1. Ghala lilikuwa la nini?

Zamani mkulima wa Uingereza alileta ngano ghalani ikiwa bado miganda, akairundika pande mbili. Katikati palikuwa na sakafu ngumu, na milango mikubwa miwili ikitazamana. Wakati wa baridi vibarua walipura ngano hapo kwa fimbo, milango ikafunguliwa, upepo ukapeperusha makapi. Mama yeyote anayepepeta kwa ungo ataelewa mara moja. Kutani yaliachwa matundu membamba ili nafaka isivunde.

Ghala la watawa la Great Coxwell, lililojengwa yapata mwaka 1292, limesimama hadi leo. Mengine yalikuwa ya zaka: wakulima walileta sehemu ya kumi ya mavuno, mpaka sheria ya 1836 ilipoanza kuigeuza kuwa malipo ya fedha.

2. Kwa nini yaliachwa?

Mwaka 1786 Andrew Meikle wa Scotland alitengeneza mashine ya kupura. Mashine hizo zilipoenea, vibarua walipoteza kazi yao ya miezi ya baridi, na njaa ikaingia nyumbani. Mwaka 1830 walizivunja mashine. Watu 19 walinyongwa, na mamia wakapelekwa Australia kama wafungwa. Baada ya vita vya 1939-1945 zikaenea mashine zinazovuna na kupura shambani papo hapo. Ghala likabaki bila kazi.

3. Lilivyogeuka nyumba

Mengine yalibomolewa. Mengine yakawekwa vyumba, madirisha na jiko. Mwaka 2014 sheria ya England ilirahisisha kupata ruhusa ya kugeuza majengo ya shamba kuwa makao. Hapo ndipo penye ubishi: ukikata madirisha mengi na kujaza kuta za ndani, ghala halionekani tena. Tena mara nyingi mnunuzi ni mwenye fedha kutoka mjini. Kijana wa kijiji, ambaye pengine babu yake alipura ngano humo, hawezi bei yake.

4. Na sisi je?

Stoo si nyumba mpaka itengenezwe. Kabla ya kulaza watoto humo, tuangalie:

(a) Sumu. Kama dawa za wadudu ziliwekwa humo, sakafu na kuta huenda zimezinyonya. Kufagia peke yake hakutoshi. Tutafute ushauri wa afisa wa afya au wa kilimo.

(b) Paa. Kama ni la asibesto, tusilikate wala kulivunja wenyewe. Vumbi lake hudhuru mapafu. Tuwaulize watu wa mazingira kwanza.

(c) Hewa. Stoo nyingi hazina madirisha. Moshi wa jiko ukikosa pa kutokea, watoto watakohoa kila siku.

(d) Nguzo. Fundi achunguze mchwa na uozo mahali mti unapogusa udongo.

(e) Karatasi. Tuhakikishe ardhi ni ya nani kabla ya kutia senti yoyote.

Na jambo la mwisho. Tusifute habari za waliofanya kazi humo. Wazee wanaozikumbuka wanapungua. Tuwaulize sasa, tuandike.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni majengo gani ya zamani katika eneo letu yamekaa bure? Nani angefaidika yakitengenezwa?

2. Mashine ilipoingia kwetu, nani alipoteza kazi? Tulimsaidiaje?