Ni Nani Anayemdai Afande?

Masomo: 1 Samweli 8:1–5, 1 Samweli 12:1–5, Luka 3:10–14

Hili ndilo somo la Jumapili iliyopita. Nimelifupisha kwa ajili ya ndugu waliokuwa bado Bungoma na familia ya mzee wetu, yule afande mstaafu aliyekuwa akikaa benchi la tatu karibu na dirisha. Jina lake silitaji, maana mwenyewe hangependa.

Samweli alistaafu vizuri. Katika sura ya 12 anasimama mbele ya Israeli yote, mzee mwenye mvi, na badala ya kujisifia miaka yake ya kazi anawataka watu waseme kama aliwahi kumchukulia mtu ng'ombe au punda, kumdhulumu, au kupokea hongo afumbe macho. Kama yupo, atamrudishia. Watu wakasema hakuna. Mimi nilisomea biashara, na kule tulifundishwa kwamba mkaguzi wa hesabu asiwe rafiki yako. Samweli aliwapa vitabu vyake watu aliowaamua maisha yake yote! Tena watu wenyewe walikuwa na uchungu: wanawe walikuwa waamuzi kule Beer-sheba, na walipokea rushwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpendelea baba yao.

Kwetu upande wa Bungoma tuna kitu kinachofanana na hicho. Siku ya tatu baada ya mazishi familia hukaa, na mzee huuliza ni nani anamdai marehemu, na ni nani anadaiwa naye. Wengine wetu tuliookoka tunakiona kikao hicho kuwa mila tu, tunaondoka mapema. Safari hii nilikaa mpaka mwisho.

Marehemu alikuwa polisi miaka 30, mingi akiwa Kitale, akastaafu akiwa sajini kabla sare ya buluu haijaja mwaka 2018. Polisi, jamani! Nilitarajia foleni. Alisimama mwenye duka, akadai shilingi 1,800 za mbolea, akalipwa pale pale. Halafu kimya.

Kisha mama mmoja wa Endebess akasema yeye ndiye anayedaiwa. Januari 2008, watu waliofurushwa makwao walipojaa uwanja wa maonyesho wa Kitale, afande aliyekuwa zamu usiku alimpa blanketi la kumfunika mtoto, na hakulirudisha. Mzee mmoja akauliza, "La serikali?" Mama akajibu, "La kwake. Nilimwona akitetemeka mpaka asubuhi." Watu wakacheka, wengine huku wanapangusa machozi.

Kijana wa boda naye akasimama. Afande alimshika kweli, na kosa alikuwa nalo. Lakini alimwandika kwenye OB mbele ya mama yake, akamwambia mama asitoe hata shilingi, bondi ya polisi ni bure, na kama bondi haitapatikana basi kijana afikishwe kortini ndani ya saa 24. Hayo si huruma ya mtu. Yako kwenye Katiba, kifungu cha 49, na wengi wetu hatuyajui mpaka siku tuko kituoni.

Lakini nyuma ya hema nilisikia maneno mengine pia. Ati miaka 30 serikalini, na nyumba yenyewe ni hii ya mabati?

Wacha tupige hesabu basi. Pensheni ya serikali kwa mpango wake wa zamani ni mshahara wa msingi mara miezi ya kazi, gawanya kwa 480. Miezi 360 inakupa robo tatu ya mshahara. Ukichukua robo ya pensheni hiyo kwa mkupuo, ya kila mwezi inapungua tena. Mshahara wa sajini mnaujua. Hapo hakuna ghorofa. Ghorofa ingetoka kwa huyo kijana wa boda na kwa mama yake, nao ndio wangesimama siku ya tatu.

Askari walipomwendea Yohana, hakuwaambia wavue sare. Aliwaambia wasinyang'anye watu, wasiwasingizie, watosheke na wanacholipwa. Kanisani tunapenda sana ushuhuda wa gari jipya. Ushuhuda wa kutosheka na mshahara, ni lini mara ya mwisho mliusikia madhabahuni?

Na hili nitalisema wazi. Wakati wa kuajiri makurutu tunawawekea vijana wetu mikono, tunaomba Mungu awafungulie mlango. Jioni baba mmoja anauza ng'ombe, anatafuta mtu wa kumpelekea bahasha. Kijana huyo anaingia Kiganjo tayari ana deni la ng'ombe. Nani atamlipia? Ni wewe, pale barabarani Kiminini, na gunia lako la mahindi nyuma ya boda.

Vikundi vya nyumbani, Kitale na Bungoma: someni sura ya 8 kwanza, ndipo ya 12. Zungumzeni kwa nini watoto wa mtu mwaminifu walikula rushwa, na kama Samweli angeweza kufanya nini. Mzazi mwenye kijana anayesubiri kuajiriwa aseme ukweli kama kuna ng'ombe amewekwa kando. Kiongozi wa kikundi asimkatize.

Jumamosi tunaenda kumalizia zizi la mjane. Gari litatoka kanisani saa moja asubuhi. Beba panga na misumari.