SAKAFU YA MBAO HAITAKI HARAKA

Tuseme mavuno yamekuwa mazuri. Nyumba yako ina sakafu ya saruji. Sasa unataka chumba cha wageni kiwe na sakafu ya vipande vya mbao, vile vinavyopangwa kama mkeka. Kazi hiyo inawezekana. Lakini ukiharakisha, fedha yako itapotea bure.

Kwa nini sakafu huinuka?

Ubao, hata baada ya kupasuliwa, hunywa unyevu. Wakati wa masika hutanuka. Wakati wa kiangazi hunywea. Saruji mbichi nayo hutoa maji polepole. Ukibandika mbao juu yake, zitayanywa maji hayo. Zitatanuka, zitasukumana, kisha zitang'oka na kuinuka kama nundu ya ng'ombe.

Jaribu kwanza

Saruji mpya ya unene wa sentimita 5 isubiri miezi 2 au zaidi. Kisha chukua nailoni ya upana wa mita moja. Itandaze sakafuni na uzibe kingo zake zote kwa gundi ya karatasi. Iache siku 2, halafu ifunue. Ukikuta matone ya maji, au saruji imekuwa nyeusi, subiri tena. Kama unyevu hauishi hata baada ya miezi mingi, maji yanapanda kutoka ardhini. Hapo acha mbao. Sakafu yako ya saruji yatosha.

Chagua mbao

Mninga na mvule ni mbao nzuri. Kiini chake ni kigumu kwa mchwa. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome ikatae, maana wadudu huipenda. Vipande viwe vikavu. Viweke ndani ya chumba hicho hicho kwa wiki 2 ili vizoee hewa yake.

Piga hesabu

Tuseme kila kipande kina urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 5. Vipande 5 hufanya mraba mmoja. Miraba 16 hujaza mita moja ya mraba, yaani vipande 80. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kina mita 9 za mraba. Basi 80 mara 9 ni vipande 720. Ongeza 36 vya akiba. Jumla ni 756.

Namna ya kupanga

1. Fagia vumbi lote. Ziba nyufa na mashimo.
2. Vuta nyuzi mbili zipishane katikati ya chumba. Anzia hapo, siyo ukutani.
3. Paka gundi ya sakafu ya mbao sehemu ndogo ndogo, isije ikakauka.
4. Panga miraba. Mmoja ulale, wa pili usimame.
5. Acha nafasi ya sentimita moja kila ukuta. Nafasi hii ni ya mbao kutanukia. Ifunike kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani.
6. Usikanyage mpaka gundi ikauke. Kisha piga msasa na upake vanishi.

Fundi akikuambia, "Mzee, tuanze leo leo, itakauka tu," mjibu, "Hapana fundi, tufunue nailoni kwanza."

Maswali

1. Kwa nini tunaacha nafasi ukutani?
2. Chumba cha mita 4 kwa mita 3 kinahitaji vipande vingapi bila akiba?
3. Utajuaje kwamba saruji bado ina maji?