Presha, Homoni na Ubongo: Mabadiliko ya Hisia Yasipuuzwe

Mtu mwenye shinikizo la damu akianza kuwa mkali nyumbani, kukosa usingizi au kusahau mambo, mara nyingi jamaa husema ni uzee au mawazo tu. Huenda mwili wake unahitaji kuchunguzwa.

Shinikizo la damu huongozwa kwa kiasi kikubwa na homoni. Msukumo wa damu ukipungua, figo hutoa renini. Hii huanzisha hatua zinazozalisha angiotensini, ambayo hubana mishipa ya damu. Angiotensini nayo huchochea tezi zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni, homoni inayozuia chumvi na maji kutoka kwa mkojo. Mishipa ikibanwa na maji yakiongezeka, presha hupanda. Mtu akiwa na hofu, tezi hizo hizo hutoa adrenalini na kotisoli.

Ubongo nao huathiriwa na homoni hizi, hata katika sehemu zinazohusika na hofu, hisia na kumbukumbu. Wagonjwa ambao miili yao hutoa aldosteroni kupita kiasi huonekana kupata wasiwasi na huzuni zaidi ya wengine. Kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu, usingizi na kumbukumbu huvurugika.

Isitoshe, presha isiyodhibitiwa kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya ubongo. Kufikiri huwa kwa polepole, na hatari ya kiharusi huongezeka.

Hata hivyo, hasira si kipimo cha presha, na wengi wenye ugonjwa huu hawahisi chochote. Njia ya kujua ni kupimwa. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikipatikana siku tofauti, huonyesha presha iko juu. Kabla ya kupimwa, mtu akae ametulia kwa dakika 5, na asinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa dakika 30.

Wakazi wanashauriwa:

- Kutumia chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai.
- Kutoacha dawa kwa sababu wanajihisi nafuu.
- Kumweleza mhudumu wa afya kuhusu huzuni, wasiwasi au usahaulifu, hasa ukianza baada ya kubadilishiwa dawa.
- Kumkimbiza hospitalini mara moja mtu ambaye uso umepinda, mkono umelegea au maneno yamemkwama ghafla.