Mapipa 300 ya Karatasi



Muhula huu, pembeni ya masomo yangu ya dini, nilichukua somo moja la historia, nikapewa kuandika juu ya vita vya uhuru vya Marekani. Nilidhani nitaandika habari za majemadari. Nikaishia ghalani.

Mwaka 1775 makoloni 13 yalipoinuka dhidi ya Uingereza yalikuwa na watu, lakini baruti ilikuwa haba mno. Baruti ni shura, kiberiti na makaa, na shura (si ile ya kushauriana!) ndiyo iliyosumbua kupatikana. Waingereza waliitoa kwa wingi Bihar na Bengal, India, nchi walizozitia mkononi kuanzia vita vya Plassey, 1757. Tarehe 17 Juni 1775, pale Bunker Hill, wanamgambo waliwarudisha Waingereza mara mbili. Mara ya tatu baruti ikawaishia, wakakiacha kilima.

Wiki mbili baadaye George Washington akashika uongozi nje ya Boston. Akaomba hesabu ya ghala, akaletewa: mapipa zaidi ya 300. Mwanzoni mwa Agosti ikabainika ni kama 36 tu. Hata kwa kujumlisha akiba ya makoloni jirani, hayakufika mapigo 10 kwa askari mmoja. Jenerali John Sullivan aliandika kwamba Washington alikaa nusu saa bila kutamka neno.

Hakuna aliyeiba. Kamati ya ugavi iliandika baruti yote iliyopokelewa tangu mwanzo, pamoja na iliyokwisha kupigwa.

Hapo nilifunga kitabu kidogo. Ramadhani iliyopita nilikuwa mweka hazina wa futari. Amiri aliponiuliza, "Ndugu yangu, tuna kiasi gani?" nilimsomea jumla ya michango yote, naye akaalika wageni kwa hesabu hiyo. Siku ile safu ya mwisho ya dada zetu walifuturu kwa maji na tende moja moja. Sikuchukua hata shilingi, na nilijitetea kwa hilo wiki nzima. Lakini Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia maghala, Surat Yusuf aya ya 55, alitaja sifa mbili: kutunza na kujua. Mimi nilikuwa na moja.

Wamarekani walijifunza kuhesabu. Julai 1776 watu wa New York waliangusha sanamu ya risasi ya Mfalme George III, na vipande vikapelekwa Litchfield, Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, ambako kina mama na watoto waliviyeyusha. Karatasi ya hesabu ilibaki: Ruth Marvin, risasi 11,592, Frederick Wolcott, mtoto mdogo, 936, na wengine. Jumla 42,088.