Maji Machafu ya Mji

1. Nairobi ni mji mkuu wa Kenya, nao una watu zaidi ya milioni 4. Kila siku watu hao wanaoga, wanafua nguo, wanaosha vyombo, wanakwenda chooni. Je, maji waliyokwisha kuyatumia yanakwenda wapi?

Tazameni ramani. Mto Nairobi unapita mjini, unashuka upande wa mashariki, unaingia katika mto Athi. Mbele mto huo unaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho unamwagika baharini karibu na Malindi. Njiani watu wanateka maji, wananywesha ng'ombe na kumwagilia mashamba. Wao hupokea kila kitu ambacho mji umetupa mtoni.

2. Maji machafu huleta hasara mbili. Ya kwanza ni ugonjwa. Mavi ya mgonjwa yana vidudu visivyoonekana kwa macho: vidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu. Tena yana mayai ya minyoo. Hasara ya pili ni kufa kwa samaki. Kuna vidudu vingine vinavyokula uchafu, navyo vinatumia hewa iliyomo majini. Uchafu ukizidi, hewa inakwisha, na samaki wanakufa kama mtu aliyezibwa pua.

3. Kwa sababu hiyo mabomba makubwa, yaliyozikwa chini ya udongo, yanapeleka maji machafu ya nyumba nyingi mpaka Ruai, mashariki ya mji. Pale pamechimbwa mabwawa mengi, moja baada ya jingine.

Kwanza vyuma kama vya dirisha vinazuia matambara na takataka, na mchanga unatua chini. Kisha maji yanaingia katika bwawa lenye kina. Humo uchafu mzito unazama, na vidudu vinauozesha pasipo hewa. Bwawa la pili lina rangi ya kijani, kwa sababu ya mimea midogo sana. Mimea hiyo hupata nguvu ya jua na kutoa hewa safi; vidudu huvuta hewa hiyo na kula uchafu uliobaki. Katika mabwawa ya mwisho, yasiyo na kina, jua linaua vidudu vingi vya ugonjwa. Mayai ya minyoo yamekwisha kuzama. Ndege wengi hukusanyika kwenye mabwawa hayo kutafuta chakula.

Kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Ni baada ya siku nyingi tu maji yanaachiliwa kuingia mtoni. Hata hivyo si maji ya kunywa.

4. Lakini mto Nairobi ungali mchafu. Kwa nini? Nyumba nyingi hazina bomba la kupeleka maji Ruai. Uchafu wao unaingia katika vijito moja kwa moja. Mabwawa hayawezi kusafisha maji yasiyoletwa.

Mtu anayekaa juu ya mto hamwoni mama anayeteka maji chini. Lakini mama yule anakunywa kazi ya mikono yake, njema au mbaya.

Maulizo
1. Taja majina ya mto tangu Nairobi mpaka baharini.
2. Kwa nini samaki wanakufa katika maji machafu?
3. Jua linafanya kazi gani katika mabwawa?
4. Choo cha kwenu kiko mbali na kijito? Ni nani wanaoteka maji chini yenu?